Kesi ya Mtoto Haimalizwi Barazani: Mahakama Ipi Ina Mamlaka?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wajumbe wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, wenyeviti wa mitaa, walimu, viongozi wa dini na wazazi. Waliokosa kufika waliomba maneno yenyewe, nami nayaweka yote kama nilivyoyasema.

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wetu wa Kata, wenyeviti wa mitaa, masheikh na wachungaji, walimu, wazee wangu, mama zangu, vijana, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie sheria, na sheria ni bahari. Leo nachota kisima kimoja tu: mtoto akifanyiwa ukatili, kesi yake inasikilizwa wapi? Nani ana mamlaka ya kuisikiliza, na nani hana?

Mtaniuliza, wakili, hayo si mambo yenu nyinyi na mahakimu? Sisi yanatuhusu nini? Yanawahusu, tena nyinyi kabla ya hakimu. Katika kazi yangu nimeona kesi nyingi za watoto zikifa. Chache zimekufa kwa sababu hakimu alipima ushahidi akaona hautoshi. Nyingi zimekufa kabla ya kufika mahakamani. Nyingine zimepelekwa mahali pasipo pake, na nyingine zimefika panapostahili zikiwa zimeshaharibiwa njiani. Na njia hiyo inaanzia kwenu. Inaanzia uani kwa jirani, ofisini kwa mwenyekiti, kwa mwalimu wa zamu.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana, karibu 1 kati ya 7. Tazameni safu mliyokaa. Hesabuni viti. Je, kesi za watu hao ziliishia wapi?

Ninayoyasema ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana mahakama zao na Sheria yao ya Mtoto ya mwaka 2011, ingawa Mahakama ya Rufani ni yetu sote.

Nianze na mahali ambapo kesi hizi zinazikwa zaidi. Zinazikwa kwenye vikao.

Binti wa miaka 14, darasa la saba. Jirani, mtu mzima mwenye mke na watoto, alimwingilia mara kwa mara hadi mimba ikaonekana. Baba wa binti alipandwa na hasira, akachukua panga, wazee wakamzuia. Hapo walifanya vizuri. Kisha wakaitisha kikao. Wakakaa kutwa nzima. Jioni karatasi ikaandikwa: fulani amekubali kosa, atatoa mbuzi wawili, gunia la mchele na fedha za matunzo, na mtoto akizaliwa atajadiliwa. Chini imeandikwa, “pande zote mbili zimeridhiana.” Sahihi zikawekwa, muhuri ukagongwa.

Karatasi hiyo nimeishika mkononi. Nikaisoma mara mbili nikimtafuta binti. Jina la aliyefanyiwa halimo. Lipo la baba yake, la mtuhumiwa, la mashahidi wa kikao, la mwenye muhuri. Pande zote mbili ni zipi, ndugu zangu? Mtoto alikuwa upande gani?

Sasa sikilizeni sheria. Kosa la kubaka si ugomvi kati ya familia mbili. Ndiyo maana jalada linaandikwa “Jamhuri dhidi ya” fulani. Haliandikwi “baba wa binti dhidi ya” fulani. Mlalamikaji ni nchi nzima. Baba ni shahidi. Mama ni shahidi. Mtoto ni shahidi. Na shahidi hawezi kusamehe kwa niaba ya Jamhuri.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamruhusu hakimu kuhimiza wahusika wapatane, lakini kwa makosa madogo tu: shambulio la kawaida, au jambo binafsi ambalo si kosa kubwa la jinai na halikufanywa kwa ukatili uliokithiri. Kama hakimu mwenyewe hana ruhusa ya kusuluhisha kesi ya kubaka, mwenyekiti wa mtaa ameipata wapi? Baraza la kata limeipata wapi? Baba paroko, sheikh, mzee wa ukoo, wameipata wapi? Hawana. Hakuna kikao chochote nchini, kiwe cha wazee wenye hekima kiasi gani, chenye mamlaka ya kumaliza kesi ya mtoto aliyebakwa au kulawitiwa.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kupokea mali au fedha ili kuficha kosa kubwa la jinai nako ni kosa la jinai. Anayekula mbuzi wa kikao kile anaweza kujikuta kizimbani kwa sababu ya mbuzi huyo.

Kesi ile ilifika polisi hatimaye, kupitia mwalimu aliyekataa kunyamaza. Karatasi ya kikao ikaingia kwenye jalada. Muhuri uliogongwa ili kuzika kosa ukageuka kielelezo cha upande wa mashtaka, na aliyeugonga akaitwa kueleza mbele ya hakimu alichokisikia siku ile. Wenyeviti wangu, nawaheshimu, nawaambia kwa heshima: msigonge muhuri kwenye karatasi ya namna hiyo. Msikae kikao hicho. Kazi yenu mbele ya taarifa kama ile ni moja: mtoto awe salama, polisi wajue, na ustawi wa jamii wajue. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka sisi wanajamii, tukijua haki ya mtoto inavunjwa, tutoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mamlaka hiyo ndiyo nyinyi. Taarifa ikifika kwenu isifie kwenu.

Kuna kikao cha aina nyingine, nacho kinatambaa kimyakimya: kile cha kusema “basi amuoe, aibu iishe.” Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliacha mlango wa msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, aliupinga mlango huo mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019: vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Na mwanafunzi ana ulinzi wake wa ziada. Tangu mabadiliko ya mwaka 2016, Sheria ya Elimu inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kwa hiyo ndoa hiyo mnayoipanga kama dawa, sheria inaiona ni kosa la pili.

Mama mmoja pale nyuma ananitazama kama anayesema: lakini wakili, mimi nilikwenda kituoni nikaondoa kesi, na kesi ikaisha. Mama yangu, nakujibu ukweli. Hukuiondoa. Mwenye mamlaka ya kuondoa mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka na waendesha mashtaka walio chini yake. Kilichotokea ni kwamba ulipoacha kuja, na mtoto akahamishiwa kwa bibi yake mkoa mwingine, hakukuwa na shahidi. Hakimu akaahirisha, akaahirisha tena, mwisho akalifunga jalada. Kesi haifutwi na mzazi, lakini inakufa mzazi asipokuja. Na mahakama ikiamua kutumia nguvu zake, inaweza kutoa hati shahidi akamatwe na kuletwa. Yote mawili myajue.

Twende hatua ya pili. Tuseme mmefanya vizuri, mmekwenda polisi. Je, mtoto yuko salama kisheria? Bado. Kwa sababu jina la kosa ndilo linaloichagua mahakama.

Mvulana wa miaka 9. Alifanyiwa ukatili na ndugu mtu mzima waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja. Mama yake alijua. Lakini lile neno, kulawitiwa, lilimshinda kulitamka mbele ya askari, na baba alikuwa amemwambia kabla hawajatoka nyumbani, “usimharibie mtoto jina.” Basi kituoni akasema mtoto amepigwa. Askari akaandika alichoambiwa: shambulio. Na shambulio la kawaida ni kosa linaloweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Jalada likaenda huko.

Siku ya kesi mtoto akasimama, akaulizwa kilichotokea, akasema. Watoto husema. Hakimu alisimamisha shauri palepale. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka ya kusikiliza kosa la kubaka wala la kulawiti. Hakimu yule hakuwa na njia nyingine, hata kama moyo wake ulitaka kumfunga mtu yule siku hiyohiyo. Kwa sababu hukumu inayotolewa na mahakama isiyo na mamlaka ni batili, hata kama kila neno lililosemwa ndani yake ni kweli. Ingekatiwa rufaa, ingefutwa. Jalada likarudi polisi lianze upya. Nalo liliporudi, mtuhumiwa hakuwa tena mjini.

Mnaliona tatizo? Hakuna aliyekula rushwa pale. Hakuna hakimu mbaya. Aibu ya wazazi ilibadilisha jina la kosa, jina la kosa likabadilisha mahakama, na mahakama isiyo yake ikampa mtuhumiwa muda wa kuondoka.

Kwa hiyo shikeni hili. Kubaka, kulawiti, shambulio la aibu, maharimu yaani ndugu wa damu kumwingilia mtoto, ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18: haya yanaanzia Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi. Wengine wanadhani kifungo kizito lazima kitoke Mahakama Kuu, wanakata tamaa wakiambiwa kesi iko wilayani. Sivyo. Hakimu huyo wa wilaya, chini ya Kanuni ya Adhabu kama ilivyobadilishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ndiye anayetoa miaka 30 kwa kosa la kubaka. Aliyebakwa akiwa msichana wa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Aliyelawitiwa akiwa chini ya miaka 18, ni kifungo cha maisha.

Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto amefunzwa kusikiliza maneno haya. Kama unaona haya kuyasema kaunta mbele ya watu, omba upelekwe dawati. Lakini yaseme. Ukisema “amepigwa” au “amechezewa”, umeshaipeleka kesi njia nyingine.

Na Mahakama ya Watoto je? Hapa watu wenye nia njema kabisa wanapotea. Mwalimu mmoja alimshika mkono mwanafunzi wake aliyebakwa, wakatafuta Mahakama ya Watoto, kwa sababu jina lenyewe linasema watoto. Wakaambiwa si hapa. Mwalimu akahisi amefukuzwa, akarudi shuleni akiwa amevunjika moyo.

Mahakama ya Watoto iliyoundwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasikiliza mambo ya namna mbili: mashtaka dhidi ya mtoto, na maombi yanayohusu malezi, matunzo na ulinzi wa mtoto. Mtu mzima aliyemdhuru mtoto hashtakiwi humo. Anashtakiwa mahakama ya kawaida. Kinachoangaliwa ni umri wa anayeshtakiwa.

Lakini ulinzi nao umo humo, na huo msiusahau. Baba akituhumiwa na bado anaishi nyumba moja na mtoto, kesi ya jinai inakwenda wilayani, na wakati huohuo afisa ustawi wa jamii anaweza kwenda Mahakama ya Watoto kuomba amri ya kumtoa mtoto kwenye hatari. Mahakama mbili, mtoto mmoja, kwa wakati mmoja. Wengi wanasubiri kesi ya jinai iishe ndipo wafikirie mtoto analala wapi. Wakati huo mtoto analala palepale.

Na mtuhumiwa akiwa mwenyewe ni mtoto? Kijana wa miaka 15 amemdhuru msichana wa miaka 7. Kesi yake inakwenda Mahakama ya Watoto, na sheria hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Naona baadhi yenu mnaguna, na mama wa yule wa miaka 7 angeguna zaidi, ana haki. Lakini naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote. Kijana wa miaka 15 anayefanya hivyo mara nyingi ameyaona mahali, au yeye mwenyewe ameyapitia. Anahitaji kuzuiwa, kusimamiwa na kurekebishwa, na msichana anahitaji tiba na usalama. Yote yanawezekana bila kumfunga mtoto pamoja na wahalifu wazima.

Niseme kidogo kuhusu sentensi moja inayowaumiza watu. Baba mmoja alimpoteza mtoto, mtoto aliuawa. Mtuhumiwa akafikishwa Mahakama ya Wilaya, mashtaka ya mauaji yakasomwa, na hakimu akamwambia mshtakiwa: “hutakiwi kujibu chochote, mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri hili.” Baba alisikia “haina mamlaka” akainuka akaondoka. Aliamini serikali imeshindwa. Hakurudi tena, akahama mtaa, na waendesha mashtaka wakahangaika kumtafuta kama shahidi.

Wazee wangu, mtu akiambiwa hivyo kwenye kesi ya mauaji, kesi haijafa. Mauaji yanasikilizwa na Mahakama Kuu. Mahakama ya chini inayapokea, upelelezi unakamilishwa, kisha shauri linapelekwa juu. Mtu awaelezee wazazi jambo hili siku ileile, nje ya mlango wa mahakama. Ni dakika tano tu. Vivyo hivyo dhamana: kumwona mtuhumiwa sokoni si kwamba ameachiwa huru. Dhamana ni kusubiri kesi akiwa nje, kwa masharti. Akimfuata mtoto au kumtisha shahidi, toeni taarifa, masharti yanaweza kuangaliwa upya.

Sasa suala la mahali. Msichana alichukuliwa kijijini kwenda mjini, mkoa mwingine, kufanya kazi za ndani. Akadhalilishwa na mwenye nyumba. Akatoroka, akasaidiwa nauli, akafika kwa mama yake. Mama akampeleka kituo cha karibu. Wakamwambia, kosa limetokea huko, nendeni huko. Mama ambaye nauli ya kwenda hana, na ya kurudi hana.

Ni kweli kwamba kwa kawaida kosa husikilizwa na mahakama ya eneo lilikotendeka. Lakini eneo la kusikiliza kesi ni jambo moja, na mahali pa kupokea taarifa ni jambo jingine kabisa. Kituo chochote cha polisi kinaweza kupokea taarifa, kuandika maelezo ya mtoto, kumpa fomu ya polisi ya matibabu, na kupeleka mambo hayo kwa wenzao wa eneo husika. Askari na askari wanawasiliana. Haifai mtoto ndiye abebe jalada kichwani kutoka mkoa hadi mkoa. Mkiambiwa hivyo, ombeni kuonana na mkuu wa kituo, na mpigieni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na kama ni kosa la zamani, mtoto amekaa kimya miaka akasema leo, msimwambie amechelewa. Kosa la kubaka halina ukomo wa muda wa kufungua mashtaka.

Basi kesi imefika mahakama yenye mamlaka. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo naumia zaidi.

Mahakama ya Rufani ilisema katika uamuzi wa mwaka 2006, na imerudia mara nyingi tangu hapo, kwamba ushahidi ulio bora wa kosa la kubaka ni wa yule aliyefanyiwa. Na Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa ya kujamiiana, akiridhika kwamba mtoto anasema kweli na akaandika sababu zake. Mnaposikia mtaani “hakuna kesi, hakuna aliyeona”, jueni si kweli. Mtoto aliona. Mtoto ndiye shahidi.

Lakini kwa mtoto asiyezidi miaka 14 kuna hatua moja. Tangu mwaka 2016 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi mbele ya mahakama kusema kweli na kutosema uongo. Na ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani. Ni sentensi moja. Nimesoma jalada la mtoto aliyetoa ushahidi akiwa na miaka 8, ushahidi ulionyooka, mtu akafungwa. Kwenye rufaa ikaonekana ahadi haikuandikwa. Ushahidi wa mtoto ukaondolewa, shauri likaamriwa kuanza upya. Mtoto akaitwa tena akiwa na miaka 12. Alikuwa ameshaanza kusahau. Alikuwa ameanza kucheza na wenzake. Akarudishwa kusimama palepale na kusema yaleyale. Sentensi moja!

Hilo ni la hakimu na mwendesha mashtaka, na wao nawaambia tukikutana. Lakini liko la kwenu nanyi, nalo ni umri.

Binti wa miaka 9 alibakwa. Mtu akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwenye rufaa Majaji wakauliza: nani alithibitisha kwamba mtoto huyu alikuwa chini ya miaka 10? Hati ya mashtaka ilisema. Lakini hati ya mashtaka si ushahidi. Mama alisimama kizimbani akasema “yuko darasa la tatu.” Hakuna aliyemuuliza alizaliwa lini, naye hakusema. Kwamba ni mtoto ilithibitika. Kwamba hajafika miaka 10 haikuthibitika. Kifungo kikapungua kutoka maisha hadi miaka 30. Na mama yule alikuwa na kadi ya kliniki nyumbani, kwenye sanduku.

Umri wa mtoto unaweza kuthibitishwa na mzazi, ndugu, daktari, mtoto mwenyewe, au cheti cha kuzaliwa kama kipo. Si lazima cheti. Lakini lazima mtu aseme, na aseme tarehe. Mama zangu, kadi ya kliniki isitupwe mtoto akishaanza shule. Walimu, daftari la uandikishaji linaweza kuitwa mahakamani, liandikeni vizuri. Wenyeviti, wahimizeni wazazi wachukue vyeti vya kuzaliwa.

Na msiogope kwamba mtoto atasimama mbele ya umati. Kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi wake unapokelewa faraghani, na hairuhusiwi kuutangaza kwenye magazeti wala vyombo vingine. Lugha ya mahakama zetu sasa ni Kiswahili, kwa mabadiliko ya mwaka 2021. Mtoto atamwelewa hakimu. Lakini faragha hiyo ya mahakama itafaa nini kama picha ya mtoto imeshasambazwa na majirani kwenye kundi la simu? Nimeiona. Jina, shule, mtaa. Waliosambaza waliandika “tumwombee.” Ombeni, lakini msitume picha.

Mtoto akikuambia, msikilize mara moja, mwamini, mshukuru kwa kusema. Usimhoji mara sita, usimwite shangazi aje asikie, kisha mjumbe aje asikie. Kila akirudia kuna neno litabadilika, na wakili wa mshtakiwa atalishika neno hilo. Usimwogeshe, usifue nguo alizovaa. Mpeleke hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kama mtoto ana hali mbaya, hospitali kwanza, fomu ya polisi itafuata. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Msaada wa sheria kwa wasio na uwezo upo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo kwenye halmashauri yenu.

Naomba kamati hizi zifanye jambo moja kuanzia mwezi huu. Kila kesi ya mtoto wa mtaa wenu iliyoko mahakamani, awepo mjumbe mmoja mwenye tarehe zake. Siku ikifika, aamke na mama yule, apande naye gari, akae naye kwenye benchi la nje, aulize imeahirishwa hadi lini, aandike. Michango ya harusi tunaiweza, tena haraka. Nauli ya mama na mtoto kwenda Mahakama ya Wilaya haitushindi.

Mheshimiwa Diwani, nimeona daftari la mikutano hapo mezani. Naomba pendekezo hilo liandikwe kabla hatujaondoka, na majina ya watakaoanza yaandikwe pia. Mwenyekiti, naomba turuhusu maswali. Yule mama wa safu ya tatu amenyoosha mkono tangu nilipozungumzia dhamana, aanze yeye.